Rangi ya Kucha kwenye Lenzi

Mtoto aliletwa na bibi yake mwezi uliopita kupigwa pasipoti saizi za kuandikishwa darasa la kwanza. Nikamkalisha kwenye kigoda mbele ya kitambaa cha buluu, nikamwinua kidevu kwa kidole, nikamwambia ninachowaambia watoto wote: "Tulia hivyo hivyo, usisogee." Akanitazama kwa macho makavu ya mtoto wa miaka sita aliyeamshwa mapema, akasema, "Mie sisogei. Mama yangu ndiye aliyesogea." Nikacheka, maana watoto husema lolote. Bibi yake, aliyekaa kwenye benchi na mkoba mapajani, hakucheka. "Anasema kweli," akanambia. "Mamake alikuwa na kazi hii hii yenu. Mshika taa. Akasogea, akaharibu picha za harusi ya watu Raskazone. Basi kila nikimtuma huyu na kikombe cha chai namwambia, tuliza mikono, usije ukawa kama mama yako." Nikamwuliza mtoto jina lake ili niliandike kwenye bahasha. "Hidaya," akasema. "La mama yake hilo," bibi akaongeza. "Mwenyewe alipokwenda, jina tukalibakisha."

Picha zilitoka sawa. Lenzi ninayotumia studio siku hizi inajitafutia sura yenyewe. Hata mbuzi anaweza kupiga pasipoti saizi. Nikazikata, nikazitia kwenye bahasha, nikasema "Karibuni tena bibi," wakaenda zao Pongwe. Halafu nikafunga mlango saa nne asubuhi, siku ya kazi, nikaenda kukaa chini jikoni. Nina miaka ishirini na sita na nina hasira. Naandika haya kwa hasira, si kwa busara, maana busara bado sijaipata. Miaka sita hasira hii nimekuwa nikiitafutia mwenyewe wa kuibeba. Niliwakasirikia wenye nyumba ya Raskazone, nikamkasirikia Bi Rahma aliyetuajiri, nikamkasirikia Hidaya mkubwa kwa kufa kabla sijamaliza naye maneno. Asubuhi ile, kwa mdomo wa mtoto ambaye hata meno ya mbele hana, nikaonyeshwa mwenyewe hasa ni nani.

Mwaka ule nilikuwa na cheti cha kidato cha nne kisichofungua mlango wowote na tumbo la miezi mitatu. Habari za aliyenipa tumbo sizileti hapa. Hakuwapo wakati ule, hana haja ya kuwapo kwenye karatasi yangu. Bi Rahma alinichukua bila kuniuliza mengi. Alikuwa Mwarabu wa Tanga hii hii, mzaliwa wa Ngamiani, mama wa miaka sitini mwenye kula muhogo kutushinda sisi wenye asili nao. Studio ilikuwa ya baba yake marehemu, vyumba viwili na ua. Chumba cha nyuma ndicho mzee alichokuwa akisafishia filamu gizani, na sisi tulikigeuza jiko. Balbu nyekundu bado ilikuwa inaning'inia pale juu, na ilikuwa ndiyo balbu pekee isiyoungua, kwa hiyo tulikula chakula chetu cha mchana katika wekundu: bada, ule ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa, au kisamvu, au siku mbaya chai ya mchaichai na muhogo wa kuchemsha. Ukitia tonge la bada kinywani chini ya taa ile ni kama unakula nyama mbichi. Hidaya alikuwa akisema, "Shoga, humu ndani hata maji yana damu." Tulicheka wakati ule.

Hidaya alikuwa mshika taa. Alinizidi mwaka mmoja, ameolewa Pongwe na dereva wa lori ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, alionekana kama mwezi mwandamo: watu wanagombana kama ameonekana au hakuonekana. Mimi nilikuwa nafundishwa kupiga picha. Kamera ilikuwa imetoka Maskati kwa mpwa wa Bi Rahma, imeviringishwa ndani ya kanzu, nzuri, nyepesi, na haina lenzi. Lenzi zake zilikuwa ghali kuliko kamera yenyewe. Bi Rahma hakuhangaika. Akatoa bati la biskuti la baba yake, ndani yake mchele mkavu wa kunyonya unyevu, na ndani ya mchele lenzi tatu za chuma, nzito kama mawe ya mizani. Akaagiza pete: chuma cheusi cha duara, upande mmoja kimekatwa kulingana na kamera mpya, upande wa pili kulingana na lenzi za marehemu. Kamera za siku hizi hazina kile kioo cha ndani zilichokuwa nacho za zamani, ndiyo sababu zimekuwa nyembamba, na ile nafasi ya kioo ndiyo pete inayoijaza. Ukishavisha, kamera inakuandikia kwamba haina lenzi. Inabidi uiambie ipige hivyo hivyo, ingawa inaamini haina jicho. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nililiona kama kichekesho.

Lenzi hizo hazijui kujitafutia. Zina mkanda wa chuma unaouzungusha kwa mkono, na wewe ndiye unayeamua nini kiwe wazi na nini kiwe ukungu. Ile ndefu, tuliyoipenda, ukiifungua yote basi kope zikiwa wazi masikio yameshakwenda. Bibi harusi akivuta pumzi, umempoteza. Ilikuwa pia imeota utando ndani, pembeni, kama mizizi ya nywele, kwa hiyo kila penye mwanga picha iliweka weupe mwembamba, kana kwamba mtu amepumua juu ya kioo. "Pumzi ya baba hiyo," Bi Rahma alisema, na hakukubali isafishwe. Unaweza kuiamuru kamera ikuchoree nyuzi nyekundu juu ya kila kilicho wazi, au ukuze jicho moja mpaka lijae, ndipo ubonyeze. Bi Rahma alitaka vyote viwili. "Kioo hiki kidogo kinadanganya," alisema. "Humo kila mtu ni mzuri. Kuza kwanza, ndiyo umwamini."

Nilijifunza kwa uso wa Hidaya. Kila siku baada ya adhuhuri, wateja wakiwa wamelala, alivua mtandio, akasimama ukutani, hatua tatu kutoka kwangu, nami nikazungusha mkanda huku na huku mpaka nyuzi nyekundu zikae kwenye kope zake. Nilimpiga mara mia ngapi, sijui. Alikuwa na mwanya, na kovu dogo la tetekuwanga juu ya nyusi ya kushoto, na kovu hilo ndilo lililokuwa kipimo changu: nikiliona tundu lake, nimepata. Na kila jioni, kwa kidole changu mwenyewe, nilizifuta zote. Alitaka zifutwe. "Kichwa changu kitupu kisilale humo ndani na waume za watu," alisema. Mumewe naye hakupenda picha, hata kwenye simu yake hakuwa na picha ya mkewe. Basi nilifuta, nikaona raha kufuta, maana kadi ya mazoezi ilikuwa moja. Ningejua. Sitaki kuanza na ningejua.

Siku moja akaja na chupa ya rangi ya kucha aliyoichomoa kwenye sanduku la kupambia maharusi. Akanishika mkono kabla sijauzungusha mkanda, akachovya kijiti cha kiberiti, akatia nukta nyekundu kwenye chuma cha ile lenzi ndefu, pale mkanda ulipokuwa wakati yeye yuko wazi. "Hapa ndipo ninapokaa mie," akasema. "Ukinitafuta usihangaike." Nikamwambia ana wazimu, Bi Rahma atatuua. Bi Rahma alikuwa na sheria juu ya hilo: lenzi ya baba haitiwi alama, alama ni fimbo ya kipofu, naye haajiri vipofu. Lakini nukta ilikuwa upande wa chini, pale gumba linapokaa, na mimi nikaona ni siri nzuri. Nikiipeleka nukta kwenye mstari mweupe uliochorwa kwenye lenzi upande huo, Hidaya yuko wazi hatua tatu mbele yangu hata nikiwa nimefumba macho.

Kazi yetu hasa ilikuwa shughuli za wanawake. Nilieleze hili kwa wasiokuwa wa kwetu: mwanamke anapovua buibui kwenye singo, siku ya kumsugua bibi harusi, au kwenye hina ya mwenzake, amevua kwa amani, na amani hiyo inalindwa. Mlangoni kuna kapu, simu zote zinalala humo. Mpiga picha lazima awe mwanamke. Akimaliza, haondoki na kadi. Kadi inabaki ndani kwa mama wa bibi harusi, yeye ndiye anayechagua kipi kichapwe na kipi kisionwe na jicho la mtu. Tulikwenda na kadi tupu, tukarudi bila kadi. Tulikuwa na ujanja mmoja wa kazi. Chumba kikiwa na giza, nyuzi nyekundu haziwaki vizuri, kwa hiyo mshika taa anasimama sikio kwa sikio na bibi harusi, mpiga picha anafokasi kwenye ile taa. Mshika taa asogee hata nusu hatua, fokasi inakwenda naye. Hilo Bi Rahma alitukaririsha kama alifu kwa kijiti.

Nilijifungua mwanangu Jabiri mvua za masika zikiisha. Baada ya arobaini nikarudi kazini, na Hidaya naye alikuwa na lake, la miezi saba, limekaa juu kama sahani. Singo ya Nasra wa Raskazone ilikuwa shughuli yangu ya kwanza tangu nizae. Nyumba ya watu wenye nafasi, sebule ya ndani imefungwa mapazia mazito, umeme umekatika tangu adhuhuri na feni zimesimama kama zinatusikiliza. Harufu ya liwa na udi na jasho. Nasra amekaa kigodani na kanga mbili, mikono na miguu imepakwa, wanawake watatu wanamsugua, na somo wake, bibi mmoja mwembamba mwenye sauti ya tarumbeta, anamfunda mbele ya watu: "Mume akirudi na kelele, we nyamaza. Kelele anaizoea sokoni. Kimya chako ndicho kitakachomnyima usingizi!" "Mwambie, bibi!" "Na akinyamaza yeye?" mmoja akauliza. "Akinyamaza yeye ana lake mjini, mtafute!" Nyumba ikacheka.

Wanaosugua walihitaji nafasi, wakakivuta kigoda mbele, karibu nami. Hidaya na tumbo lake asingepenya kati yao. Akanitazama kuuliza. Nami, nakumbuka kila neno, nikamwambia, "We kaa hapo hapo ukutani. Naweka kwenye alama." Alikuwa hatua tatu, Nasra hatua mbili, nami sikuhesabu. Maziwa yalikuwa yamenijaa hadi kwapani. Jabiri nilimwacha kwa jirani tangu asubuhi. Nilitaka kumaliza niende. Sikuwasha nyuzi, sikukuza jicho. Nikapeleka nukta kwenye mstari kwa gumba, nikabonyeza. Ndipo somo akaniona kifua. "We mpiga picha!" akapaza. "Maziwa yanakutoka mpaka kwenye kamera! Au umekuja kumnyonyesha bibi harusi?" Wakaanguka kwa kicheko, Nasra naye, na kule ukutani Hidaya alicheka mpaka taa ikatikisika. Sikucheka. Nilibonyeza kwa hasira, mpaka zikatimia kumi na mbili, huku natazama mlango.

Umeme ukarudi baada ya alasiri. Mama wa bibi harusi akatia kadi kwenye kompyuta mezani, wazee wakasogea, na Bi Rahma, aliyekuwa ameketi nao chumba cha pili, akavaa miwani. Picha ya kwanza: Nasra ni moshi. Rangi ya manjano iliyopakwa kwa kitambaa kilicholowa. Na nyuma yake, wazi kama mchana, kila unywele, mwanya, tundu la tetekuwanga: Hidaya. Ya pili hivyo. Ya tatu. Kumi na mbili. "Kwani harusi ya nani hii?" mama akauliza, na sauti yake ilikuwa ya chini, ambayo ni mbaya zaidi. "Mwanangu ndiye moshi, na mwenye tumbo la watu ndiye bibi harusi?" Bi Rahma akavua miwani. Akanigeukia mimi. "Zuhura. Fokasi uliiweka wapi?" Kamera ilikuwa mkononi mwangu na gumba langu liko juu ya ile nukta, rangi yake naihisi kama kipele. Nikasema, "Kwenye taa, Bi Rahma. Taa ilikuwa sikioni kwa bibi harusi. Hidaya alisogea."

Maneno mawili tu ya mwisho. Nimeyapima mara nyingi, ni mepesi. Bi Rahma akauliza, "Hidaya, ulisogea?" Hidaya alinitazama usoni, halafu akashuka na macho mpaka kifuani kwangu, kwenye zile alama mbili za maziwa juu ya gauni. "Nilisogea, Bi Rahma," akasema. "Mgongo ulikuwa unaniuma, nikataka kuegemea ukuta." Angesema nukta, ningefukuzwa mimi. Alijua, na mimi nikajua kwamba anajua, na nikamwacha aseme. Aliambiwa asirudi kazini. Getini alisimama kufunga mtandio wake, nikadhani atanitukana, nikajitayarisha kumtukana kwanza. Akasema tu, "Nenda kanyonyeshe mtoto." Ndiyo maneno yetu ya mwisho. Toka Ngamiani mpaka Pongwe si safari, watu wanakwenda na kurudi kabla chai haijapoa. Sikwenda. Kila wiki nilijiambia wiki ijayo, Jabiri akikohoa nikashukuru kwamba amekohoa.

Katika wiki zile likaletwa studio kapu la machungwa kutoka Raskazone, na salamu kwamba kuna bibi alipeleka gunia kule, wao hawali machungwa mengi kiasi kile, basi wametugawia. "Wamesamehe hao," Bi Rahma akasema. "Kula, unanyonyesha." Nikakaa chini ya balbu nyekundu, nikala matano mfululizo, maji yananichuruzika mpaka viwikoni. Yalikuwa matamu. Ya Muheza, yale ya ganda jembamba. Baada ya wiki nane tangu singo, mwanamke mmoja muuza vitumbua akapita mlangoni, akasema bila kusimama, "Yule mwenzenu wa Pongwe hayupo tena. Kajifungua, damu haikukata. Mtoto yupo, wa kike." Akaendelea na ndoo yake. Kwenye matanga sikwenda pia. Nilisema mwanangu ana homa. Hakuwa na homa.

Tangu hapo ile lenzi haijanipa amani. Bi Rahma alipohamia kwa mwanawe Maskati aliniachia studio, kamera na bati la mchele, na nukta hakuigundua kamwe, au aligundua akanyamaza; kwa Bi Rahma huwezi kujua. Naweza kuifuta kwa pamba na asetoni, kazi ya nusu dakika. Nimeshika pamba mara nyingi. Kinachonizuia ni hiki: gumba langu linarudi pale lenyewe. Nipo kwenye harusi, bibi harusi yuko mbele, nazungusha mkanda kumtafuta na mkono unapitiliza, unakwenda kukaa kwenye nukta, na kwenye kioo sura zote zinakuwa moshi, na nyuma yao, hatua tatu, pako mahali palipo wazi kuliko pote, naona mpaka ufa wa plasta, na hapana mtu. Kila nyumba ninayoingia pana mahali hapo. Ukuta wa studio nimeupiga mara zisizo na idadi. Mwaka jana Jabiri aliniuliza, "Mama, mbona unauambia ukuta usisogee?" Nikampiga kofi. Namwomba radhi hapa, kwa kuwa usoni nimeshindwa.

Basi siku ile ya pasipoti saizi nililia jikoni, nikanawa, na kesho yake nikaenda Raskazone. Sikuwa na mpango mzuri. Nilijua kitu kimoja: dunia nzima ina kadi moja tu yenye Hidaya akiwa Hidaya, ile ya singo. Ipo picha ya kitambulisho, bibi aliniambia siku ile, mtandio umembana na mdomo umefungwa kama anayesubiri hukumu. Mtoto anaijua hiyo, na anajua mama alisogea. Urithi wake ndio huo. Nasra mwenyewe alinifungulia. Amekuwa mama wa watoto wawili, amenenepa vizuri. Hakunitambua mpaka niliposema singo. "Aa, wewe wa maziwa!" akasema, na akacheka, na kucheka kwake kukanifanya nimchukie kwa dakika nzima. Nikamwambia yote, hapo hapo kwenye kibaraza, na nukta nikaitaja, na uongo nikautaja. Akaacha kucheka. Akaingia ndani, akarudi na kikebe cha dhahabu zake, na chini ya bangili kadi ilikuwamo. "Mama alitaka kuitupa," akasema. "Mie nikamwambia picha za harusi hazitupwi, hata zikiwa mbaya."

Tukazitazama kwenye kompyuta yake, bega kwa bega. Nikajua kwamba atakataa na nikajua kwamba ana haki: yupo mle na kanga mbili, mabega wazi, na amani ya chumba kile haina mwisho wa muda. Akasimamisha ile ya saba, ambayo Hidaya amefumba jicho moja kwa kicheko. Akaweka kidole juu ya ule moshi wa manjano. "Huyu ni nani?" akaniuliza. "Ni wewe." "Nani atajua?" Nikausogelea ule moshi kutazama. "Pua haipo, macho hayapo. Mume wangu mwenyewe nilimwonyesha akadhani ni mto wa kiti. Ungenipiga vizuri, wallahi isingetoka humu ndani." Akaichomoa kadi. "Chapa hii moja, uniletee kadi yangu. Na huyo mwenzio kichwa chake wazi, hilo halinihusu mimi. Kamwulize mwenye mwana."

Mwenye mwana nilimkuta uani kwake Pongwe, anamenya mihogo juu ya ungo. Bi Mwanajuma. "Shikamoo bibi." "Marahaba. Picha zimeharibika?" Hapana, nikasema, nimeleta nyingine. Nikampa bahasha. Alifuta mikono kwa kanga, mbele na nyuma, akaitoa, akaisogeza mbali na macho kama wazee wanavyofanya, kuku akapita, akarudi, akapita tena. Kisha akasema, "Huyu mbele mbona hana sura, na mwanangu anayo?"

"Kwa sababu mimi niliiweka lenzi kwa mwanao. Nilikuwa na alama. Nilimwambia akae ukutani, akakaa. Hakusogea, bibi. Mimi ndiye niliyesema kasogea."

"Alinambia kwa mdomo wake kwamba alisogea. Nilimwuliza, akasema ndiyo mama."

"Alisema kwa ajili yangu."

"Wewe ulikuwa na nini?"

"Nilikuwa na mtoto mchanga. Na hofu."

"Na yeye alikuwa na nini?"

Nikatazama ungo. Alichukua kisu, akamenya muhogo mmoja mpaka mwisho, ganda likatoka zima. "Nilikwenda Raskazone," akasema bila kunitazama. "Nilichukua gunia la machungwa kwa ndugu yangu Muheza, nikalipandisha, nikalishusha, nikasimama getini juani nikamwombea radhi mwanangu kwa watu nisiowajua. Wakalipokea gunia. Mie hawakunikaribisha." Hapo ndipo nilipohisi maji ya machungwa viwikoni. Nikamwambia nimeyala. Nilimwambia idadi. Sijui kwa nini nilimwambia, labda nilitaka anipige na kile kisu. Akacheka pumzi moja, isiyo ya furaha. "Yalikuwa matamu?" "Yalikuwa matamu, bibi." "Haya," akasema.

Halafu akamwita mtoto. Hidaya mdogo alikuja na mikono ya udongo. Bibi akaninyooshea kisu mimi, si yeye. "Mwambie mwenyewe. Mie nimemfundisha uongo miaka sita, sina uso wa kuufuta leo." Nikachuchumaa. Nikamwambia, "Mama yako hakusogea. Mimi ndiye ambaye sikutazama." Akanikazia macho yale makavu. Akaichukua picha kwa vidole vyake vya udongo na bibi hakumkataza. Akaitazama ile sura, mwanya, jicho lililofumbwa. "Anacheka nini?" "Ananicheka mimi." "Ulifanya nini?" "Nililowa maziwa." Akafikiri. Akaona inafaa. Kisha akaipeleka picha ndani mwenyewe, na nikasikia anaisimamisha mahali, inaanguka, anaisimamisha tena.

Bibi hajanisamehe, sitaki msomaji adhani. Alisema tu, "Umekuja na hiyo kamera kwa nini, kuitembeza? Mpige." Nilikuwa nimeivisha ile lenzi ndefu tangu nyumbani, sijui nilitarajia nini. Mtoto alipotoka ndani nilimwita asimame ukutani, nikahesabu hatua tatu, nikapeleka nukta kwenye mstari mweupe. Na kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita palikuwa na mtu pale. Nikawasha nyuzi nyekundu. Zikakaa kwenye kope zake, moja moja. Ulimi wangu ukawa tayari na neno lake la kila siku, nikalimeza, sikumwambia asisogee. Kuku akapita. Hidaya akasogea. Nikazungusha mkanda, nukta ikauvuka mstari, nikamfuata.